Kabati la Brashi na Chupa ya Thina

Vero mwanangu,

Mambo ya blanketi, ya kutompa mtu usiyemjua begi akushikie, ya kupiga simu ukifika, mama yako amekuambia tangu wiki iliyopita, na kesho asubuhi pale stendi ya Katesh ataanza upya mpaka basi liondoke. Mimi sitayagusa. Nina jambo moja tu la kukuambia, na nimekaa nalo miaka kumi na miwili. Lilipotokea ulikuwa na miaka saba. Sasa una kumi na tisa na unaondoka.

Ni mchana. Umekwenda Masakta kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko uani anapura maharage, nasikia fimbo yake. Mimi nimekaa kwenye chumba cha rangi, juu ya kopo la lita ishirini, na karatasi nimeilaza kwenye ubao ambao wiki ijayo utakuwa bango la duka la mbolea. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mabango, herufi zimesimama kama askari. Leo hazisimami vizuri. Zisome hivyo hivyo.

Ninaandika leo kwa sababu ya neno ulilosema juzi ulipokuwa unapanga vifaa vyako vya chuo. Ulikuwa umetandika gunia safi sakafuni na kila kitu kimelala mahali pake: penseli kuanzia laini mpaka ngumu, brashi umezifunga kwenye kitambaa zisivunjike nywele, rangi za maji kwenye mkebe wa biskuti, na thina ya kuoshea brashi kwenye chupa ya bati yenye mfuniko wa kusokota. Juu ya chupa ulikuwa umechora kile kichwa chako cha siku zote, uso wa mtu mwenye mdomo mwekundu uliokatwa kwa msalaba. Nikakuuliza nyumba mliyopanga huko Morogoro ikoje. Ukasema ni nzuri ila mmoja wa wenzako ana mtoto wa miaka miwili, kwa hiyo umempigia mwenye nyumba simu akutafutie chumba kingine, mbali nao.

"Unaogopa atakusumbua?" nikakuuliza.

"Hapana, baba. Mimi ndiye nisiyefaa kukaa na mtoto."

Ulisema bila kuinua macho, ukaendelea kufunga brashi, kama mtu anayesema kwamba yeye hali nyama ya nguruwe. Nikasema "haya" nikatoka nje. Nilikwenda nyuma ya zizi. Nilikumbuka kwamba mtoto wa shangazi yako hujawahi kumbeba hata siku moja. Akiletwa hapa unatafuta kazi ya kwenda kufanya mtoni. Sisi tulidhani ni tabia yako tu.

Sasa nikueleze. Nitaanza mbali kidogo, lakini sitazunguka.

Kazi hii nilijifunza Babati nikiwa kijana, kwa fundi mmoja wa mabango aliyekuwa mkali kuliko mwalimu yeyote niliyempata shuleni. Kwake rangi za unga zilikaa kwenye ndoo zenye mifuniko, makopo ya rangi ya mafuta yalipinduliwa kichwa chini ili hewa isiingie, na thina, tapentaini na mafuta ya taa vilikaa nje, kwenye kibanda cha bati chenye kufuli. Siku moja nilimimina thina kwenye chupa ya soda ili nisibebe dumu zima. Alinichapa vidole kwa mpini wa brashi mbele ya wateja. Akasema, "Chupa ya kunywea ni ya kunywea. Ukirudia, rudi kwenu." Kwa hiyo nilijua. Usije ukafikiri baba yako hakujua.

Nilipokuja kuanza maisha hapa Nangwa na mama yako, tulikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Hiki nilichokaa sasa hakikuwepo. Rangi zilikaa tulipolala. Makopo yalikuwa chini ya kitanda, mbao nyuma ya mlango, oksaidi nyekundu, ile rangi ya unga, kwenye mfuko uliotoboka, hata ugali wetu siku nyingine ulikuwa na wekundu. Brashi zililowekwa kwenye kikombe kilichovunjika mkono, dirishani. Nilijiona msanii, na nilidhani msanii ndivyo anavyoishi. Nilikuwa na maringo, Vero. Watu walitoka hata Bashay kunitafuta niwaandikie majina ya maduka, na mtu akisifiwa hivyo huona kupanga vitu ni kazi ya wengine.

Mama yako alisema. Alisema ukiwa mchanga, akasema ulipoanza kutambaa, akasema mdogo wako Emi alipozaliwa.

"Baba Vero, hii nyumba ni ya watu au ya makopo?"

"Nitatengeneza kabati."

"Lini?"

"Nikimaliza kazi hii."

Kazi ikiisha ilikuja nyingine. Mwishowe nilitengeneza kweli. Nilipata mbao za mkaratusi, nikampelekea seremala, akatengeneza kabati refu la milango miwili, na nikalitia kufuli. Mama yako alifurahi siku hiyo. Alifagia kona yote na kunisaidia kulisogeza ukutani.

Nikuambie nilichofungia mle ndani. Nilifungia brashi nzuri nilizonunua Arusha, vipande vya bati vya kuchorea herufi, na kile kikopo cha unga wa dhahabu. Nilivifungia kwa sababu yako. Ulikuwa umeanza kuchora. Ulikuwa unachukua brashi zangu na kuchora ng'ombe kwenye ukuta wa jiko, na brashi moja uliiacha ikauka na rangi ikawa kama mti. Nilikasirika, nikafunga kabati na ufunguo nikauvaa shingoni. Thina, tapentaini, na ile dawa ya kutolea rangi ya zamani, vyote vilibaki sakafuni.

Mama yako alisimama akaviangalia. "Na hivi je?"

"Nafasi imejaa," nikamjibu. "Halafu thina haina mwizi."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyasikia kila siku tangu wakati ule.

Emi alikuwa anakaribia miaka mitatu. Sijui unamkumbuka kiasi gani. Picha tuliyo nayo ni moja, ile ya ubatizo, na haifanani naye. Alikuwa mfupi, mwenye tumbo mbele, na alipenda kunywa maji kuliko mtoto yeyote niliyemwona. Akiona kikombe tu, "maji." Mama yako aliweka ndoo ya maji ya kunywa kwenye stuli kando ya mlango na kikombe juu yake, na Emi alisimama hapo kama mteja.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi, upepo wa vumbi. Mama yako alikuwa shambani anavuna mbaazi. Mimi nilikuwa na kazi ya ukuta wa duka kule Masakta na nilitaka kuumaliza kabla ya siku ya mnada. Dumu la thina lilikuwa zito kwa baiskeli, basi nikachukua chupa ya maji, ile ya plastiki inayoonyesha ndani, nikaijaza. Nilikumbuka vidole vyangu vya Babati. Nilikumbuka kabisa, nikacheka, nikasema moyoni yule fundi wangu hakuwa na baiskeli.

Kabla sijatoka uliniomba brashi. Nilikupa moja kuukuu na kukuambia ukimaliza uioshe kwa thina kama nilivyokuonyesha. Nilipokwenda kutafuta pampu ya baiskeli kwa jirani, ulichora picha yako, ukaosha brashi kwa thina ya ile chupa, ukaifunga mfuniko na kuiweka juu ya kabati. Juu ya kabati, Vero. Ulipanda kwenye kopo ili ufike, nililikuta bado liko chini yake. Mimi niliporudi niliikuta huko juu, mfuniko umekazwa mpaka nikatumia meno kuufungua.

Nakuomba usome hapo mara ya pili.

Niliishusha mimi. Mikono yangu ilikuwa na grisi ya mnyororo na rangi ya jana, nikataka kuisafisha kabla sijabadili nguo. Nilisimama mlangoni kwenye mwanga, nikamimina kidogo kwenye tambara, nikasugua. Pale pale mzee mmoja wa Kibarabaigi akaita kutoka barabarani. Alikuwa na ng'ombe zake na alitaka nimwandikie bango la mwanawe aliyefungua kibanda cha kinyozi. Nikaiweka chupa kwenye stuli, kando ya ndoo ya maji. Sikuifunga. Nikatoka kuzungumza na mzee. Tulizungumza kuhusu herufi, kuhusu rangi ya bluu na nyekundu ipi inaonekana mbali. Nilikuwa najisikia vizuri sana. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba unamwonyesha mbuzi picha yako.

Kikohozi ndicho kilichonirudisha. Nilipoingia Emi alikuwa amekaa chini, chupa imelala, na harufu imejaa mlangoni. Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyedanganywa.

Sasa nakuambia na la pili, ambalo, kama la kwanza, mama yako hakulijua mpaka leo asubuhi. Nilimwinamisha nikamtia kidole kooni. Nilimnywesha maziwa kwa nguvu, nikamtapisha tena. Ndivyo nilivyosikia watu wakifanya. Alitapika mara tatu, na kila mara kikohozi kilizidi. Wewe ulikuja ukasimama mlangoni na brashi mkononi. Nikakufokea: "Kimbia kamwite mama yako!" Ukakimbia pekupeku mpaka shambani.

Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mama yako amempakata katikati. Daktari alikuwa kijana, mpole. Aliuliza, "Mlimtapisha?" Nikasema, "Hapana, alitapika mwenyewe." Akatikisa kichwa, akaeleza polepole kwamba thina ikikaa tumboni mara nyingi mtu hupona, ila ikipanda tena juu huingia kwenye mapafu, na ikiingia huko ni kazi ngumu. Hakunilaumu, maana hakujua. Mama yako alimshukuru. Emi alipumua siku mbili kwa shida, na siku ya tatu alfajiri akaacha.

Mengine unayajua, ila unayajua vibaya, na kosa ni langu.

Siku tuliyomzika, watu walipopungua, mama yako alikaa kwenye mkeka ndani, akauliza kwa Kiiraqw, maana Kiswahili kilikuwa kimemwishia, nani aliiweka ile chupa pale. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka tu kujua, kama mtu anayeuliza mvua imenyesha lini. Mimi nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Ukasema wewe.

"Ni mimi, mama. Mimi niliosha brashi."

Ulikuwa unakumbuka umeishika chupa ile siku ile, na kwa akili ya mtoto wa miaka saba hiyo ilitosha. Mama yako alikutazama. Halafu akageukia ukuta. Na mimi, niliyejua ulipanda juu ya kopo kuiweka mahali salama kuliko mimi baba mtu mzima, nilifunga mdomo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu halijawahi kunipendeza. Niliogopa mama yako. Niliogopa shemeji zangu waliokuwa wamekaa nje. Nilijiambia nitasema arobaini ikipita. Arobaini ikapita. Mama yako akaenda kwao Bashay akakaa huko msimu mzima, nikasema nitamwambia akirudi, nisije nikamfanya asirudi kabisa. Alirudi. Nikaona anaanza kucheka kidogo, nikasema sasa nisiharibu. Kila wakati kulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na sura ya huruma. Mzee mmoja wa ukoo aliniambia, "Mtoto husahau." Nikalishika neno hilo kama dawa.

Hukusahau. Uliacha kuchora siku ile ile, na brashi yako kuukuu niliikuta umeizika nyuma ya jiko. Mama yako hakukupiga, hakukutukana. Aliacha tu kukusuka. Alikuwa anakupeleka kwa jirani ukasukwe huko, na wewe ulikwenda bila kuuliza. Nililiona hilo kila Jumamosi. Nililiona na nikanyamaza.

Halafu ukaanza kupanga. Ulikuwa na miaka minane. Nilirudi kazini nikakuta umeondoa kila kitu sakafuni. Makopo umeyapanga juu ya mbao ulizoweka kwenye matofali, makubwa chini, madogo juu. Chupa zote ulizihamishia kwenye sanduku la bati la bibi yako na ukalivuta mpaka nyuma ya zizi. Kwa kuwa bibi yako hajui kusoma, hukuandika "sumu". Ulichora. Hapo ndipo nilipokiona kile kichwa kwa mara ya kwanza, chenye mdomo uliokatwa. Ndiyo picha ya kwanza uliyochora tangu kifo cha mdogo wako, na kwa miaka mitano ndiyo picha pekee uliyochora.

Wageni walikusifia. "Baba Vero, una binti mwenye nidhamu." Padri alipotembelea nyumba alisimama hapa mlangoni, akasema hajaona karakana safi hivi hata mjini. Nilisema asante. Nilijenga chumba hiki kwa sababu yako, nikaweka rafu kwa vipimo ulivyonipa wewe, mtoto wa darasa la nne, na ufunguo ukawa wako. Kila jioni ulikuwa unapita na kuhesabu chupa kwa kidole. Ukikuta moja haipo hulali mpaka uione. Nilikuwa nakuona kupitia dirishani, na nilikuwa najua unachotafuta, na nilikuacha utafute.

Kuna siku moja zaidi. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, tunatoka kanisani, mama yako yuko mbele na wanawake wenzake. Ukaniuliza, "Baba, Mungu humsamehe mtu aliyeua bila kukusudia?"

Nikasema, "Humsamehe."

"Kabisa?"

"Kabisa, mwanangu."

Ukashusha pumzi, ukanishika mkono. Tulitembea hivyo mpaka nyumbani. Nilijiona nimekufariji. Vero, nilikupa msamaha wa kosa langu mwenyewe, na ukaupokea, na ukanishukuru.

Hayo ndiyo. Sitayapamba.

Leo asubuhi ulipoondoka nilimfuata mama yako uani. Alikuwa anamwaga maharage kwenye turubai. Nilimwambia yote, nimesimama, tangu chupa mpaka kidole, mpaka uongo niliomwambia daktari. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kumwaga mpaka gunia likaisha, akalikung'uta, akalikunja mara nne.

"Alisema ni yeye," akasema.

"Alisema. Haikuwa yeye."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Akakaa chini pale pale kwenye maharage. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia. Nilidhani atanitaja mimi. Alisema, "Mwaka mzima sikumshika kichwa mtoto wangu. Mwaka mzima." Akarudia mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Nilitaka kumgusa bega, akainua mkono nisisogee.

Baadaye nikamwambia nitakueleza leo ukirudi. Akasema, "Hapana. Mwandikie. Ukimwambia kwa mdomo utajitetea."

Ni kweli. Ananijua.

Nikasema basi nitaandika, na kesho atakupa ukishapanda basi, usome njiani ukiwa umetulia. Hapo ndipo alipokasirika kwa mara ya kwanza. "Kwenye basi atalia na nani? Atasomea hapa hapa, leo, mbele ya macho yetu. Na kesho akitaka kuondoka ataondoka akijua." Kisha akaniambia kwamba stendi atakusindikiza yeye peke yake. Nimekubali. Ameshika fimbo yake anapura, na hajapumzika hata kunywa maji.

Kwa hiyo utaisoma jioni hii. Ningependa kukuambia jinsi ya kuishi na haya, lakini mimi mwenyewe sijui, na nisiyejua sitakufundisha. Ninachojua ni kidogo. Najua kwamba nilikuwa na kufuli moja nyumbani, na nilipochagua cha kufungia nilichagua kitu nilichoogopa kukipoteza mimi, wala sikufikiria nani anaweza kuumia. Najua kwamba kunyamaza hakukuanza siku ya mazishi. Kulianza siku mama yako aliponiuliza kuhusu makopo nikamjibu kwa utani. Na najua kwamba mtoto mmoja katika nyumba hii aliiweka chupa mahali salama, akakaza mfuniko kwa nguvu zake zote, na alikuwa wewe.

Kuhusu yule mwenzako mwenye mtoto, mimi sina haki ya kukuambia ukae naye au uhame. Labda mwili wako utaendelea kuogopa hata baada ya kujua. Miaka kumi na miwili si kitu cha kufutwa kwa karatasi nne. Nilitaka tu uamue ukiwa na ukweli mkononi, maana mpaka sasa umeamua mambo mengi ya maisha yako kwa kitu ambacho hukukifanya. Kama kuna kijana uliyemkataa kwa sababu hiyo, kama kuna mtoto uliyeapa kutomzaa, sijui. Sijawahi kukuuliza. Nilikuwa naogopa jibu.

Bibi nitamwambia mimi. Wajomba zako nitawaita Jumapili, nitawaambia nikiwa nimesimama, wasikie kwa kinywa changu, ili jina lako litoke kwenye hadithi hii katika kila nyumba ilikoingia. Mama yako atakuwepo kuhakikisha sijitetei. Kama watanitoza faini au watanifukuza kwenye vikao vyao, hiyo ni haki yao.

Sikuombi msamaha leo. Si kwamba siutaki. Nautaka sana. Lakini najua tabia yako, ukiombwa kitu na mtu mzima unatoa hata kama huna, na mimi nimekwisha kuchukua kwako vya kutosha.

Mama yako ameacha kupura. Amekuja, amesimama mlangoni, mkono wake mmoja una vumbi la maharage, ananingojea nimpe karatasi. Anasema anakuona unakuja barabarani na mzigo wa shangazi kichwani.

Nitakuwa nimekaa nje kwenye benchi. Ukimaliza, ukitaka kuuliza, njoo uulize; nitajibu lile uliloliuliza tu. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani na wasikie. Na ukitaka kupita mbele yangu kwenda kulala bila kuniamkia, pita, na kesho pia, na ukirudi likizo pia. Usilazimishe shikamoo itoke. Mimi nitakuwa hapo.

Ni mimi,
baba yako.